Hannah, Aurora, Jessica au wale wa kisiwani: muvi gani ya mauaji mepesi utazame na bibi

Nyumbani kwetu Mkomani, hapa Lamu, mimi ndio DJ Afro wa nyumba, yule jamaa wa kutafsiri muvi. Bibi Kizungu chake ni cha kuwasalimia watalii tu, shangazi anasikia nusunusu, na mamangu anasikia vizuri lakini anajifanya hasikii ili nimfanyie kazi, kwa hivyo usiku baada ya Isha laptopu ikishawekwa juu ya stuli, kila anachosema mzungu mimi nakigeuza Kiswahili papo hapo, na nikichelewa kidogo narushiwa maganda ya njugu. Nimeifanya kazi hii miaka bila mshahara, na ndio maana naona nina haki ya kukwambia muvi gani za wapelelezi zinafaa kutazamwa na watu wa nyumbani na zipi utajuta kuzijaza kwenye flashi.

Nazungumzia zile za mauaji mepesi. Mtu anakufa, ndio, lakini damu huioni, mpelelezi mara nyingi si polisi ni mama fulani ana duka lake au kazi yake, mji ni mdogo kila mtu anamjua mwenzake mpaka deni lake, na mwisho muuaji anashikwa kisha watu wanarudi kunywa chai kama hakuna lililokuwa. Zimetengenezwa kwa televisheni tangu mwanzo na hazina haya kwa hilo. Wako wanaosema ni muvi za kipuzi. Sawa, za kipuzi. Lakini mwaka 2014 tulipowekewa kafyu hapa Lamu, jua likizama kila mtu yuko ndani mlango umekomewa, kila kishindo cha nje mnatazamana usoni, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuona mtu akichinjwa kwenye skrini. Shangazi akaja na sidii za zamani za Jessica Fletcher, yule mama mwandishi wa kwenye siriz anayefumbua mauaji, ambazo mpaka leo hajasema alizitoa wapi. Kafyu iliondoka, sidii zikabaki, na ugonjwa ukabaki na sisi.

Kupima, mimi sipimi kama wale mabingwa wa sinema. Najiuliza: naweza kuitafsiri bila ulimi kuteguka? Stima ikikatika katikati (na itakatika), tukirudi tutajua tulikuwa wapi? Na je, kuna mahali shangazi atalazimika kuruka? Manake shangazi ndiye bodi yetu ya kukagua filamu, hukaa na rimoti mkononi na leso begani, na wakianza kusogeleana midomo leso inatua juu ya skrini kabla wewe hujaelewa kinaendelea nini.

Tuanze na Hannah na Aurora kwa sababu hawa ndio watu huchanganya, na kweli ni kama binti wa mama mmoja. Wote ni wa Hallmark, kampuni ya Marekani iliyoanza 1910 huko Kansas City kwa kuuza kadi, chaneli yao yenyewe ikaja 2001, kisha wakaongeza chaneli ya pili ambayo sasa inaitwa Hallmark Mystery na hiyo ndio makao ya hizi hadithi. Ukikumbuka kwamba hawa walianza na kadi za hongera na pole utaelewa kwa nini hata maiti zao ni safi. Mtu ameuawa lakini shati lake limepigwa pasi. Wote wawili walianza mwaka mmoja, 2015, wote wametolewa kwenye vitabu (Hannah vya Joanne Fluke, Aurora vya Charlaine Harris), wote wamechukuliwa picha kule British Columbia nchini Canada ijapokuwa hadithi inasema tuko Marekani, wote wana mama anayewasumbua, na kila mmoja muvi yake ni kama saa moja na nusu ukiondoa matangazo.

Lakini ukiketi nao kitako si sawa hata kidogo.

Hannah Swensen, anayeigizwa na Alison Sweeney, ana duka la biskuti na keki kwenye mji wa Lake Eden, Minnesota. Ya kwanza kabisa inaanza na jamaa anayeleta maziwa dukani, anakutwa amekufa, na Hannah badala ya kufunga duka aende zake akalie anaanza kuuliza watu maswali huku akiwapa biskuti. Hiyo ndio mbinu yake yote. Anakupa kitu kitamu, wewe unasema. Bibi alipoona hivyo alisema huyu hana jipya, hata yeye akitaka kujua la mtaani hupika kaimati akampeleka mtoto na sahani nyumba ya pili, na sahani ikirudi huja na habari.

Kutafsiri Hannah ni raha. Mamake, Delores, neno lake ni moja tu, lini utaolewa, na hilo halitaki mkalimani, shangazi alilielewa kwa mikono tu. Shida yangu ni keki. Moja ya muvi imepewa jina la keki ya karoti, nikatafsiri hivyo hivyo, bibi akanisimamisha, karoti? Kwenye keki? Akasema nimekosea, karoti ni ya mchuzi, na tukapoteza dakika tano nzima za upelelezi tukijadili karoti. Halafu ushauri wa bure, Ramadhani usithubutu kuitazama mchana. Mimi nilijaribu mara moja saa kumi jioni, nilikuwa nakaribia kuiramba laptopu.

Kitu kingine cha Hannah ni wale wanaume wawili, Mike ambaye ni polisi na Norman ambaye ni daktari wa meno. Kwa mtu wa kawaida Norman ndiye mtu mpole kuliko wote mle ndani. Kwa bibi ndiye muuaji. Kila muvi. Haijalishi nani amekufa wala amekufa vipi, akitokea tu Norman na ile sauti yake ya taratibu bibi anainua kidole, huyo. Ni kwa sababu ya jino. Miaka hiyo bibi alikwenda kung'oa jino kwenye kliniki moja nisiyoitaja, akang'olewa lililo zima, bovu likaachwa, akarudi nyumbani na maumivu yale yale na pengo la bure juu yake. Tangu hapo daktari wa meno kwake ni mtu ambaye tayari ameshaua, bado kushikwa.

Aurora Teagarden sasa. Huyu ni mkutubi kwenye mji wa Lawrenceton, anaigizwa na Candace Cameron Bure, na yuko kwenye chama cha watu wanaokutana kuzungumza mauaji ya kweli ya zamani. Yaani wenzake wana chama cha kupeana pesa, wao wana cha mauaji. Ya kwanza, anarithi nyumba ya rafiki yake wa hicho chama, anaingia, anakuta fuvu la mtu limefichwa mle ndani. Nilipofika hapo kwenye kutafsiri mamangu akacheka mpaka akatokwa na machozi, akasema nyumba gani ya mirathi haina fuvu. Kama unaishi Amu, yaani Lamu, unajua maana yake, kuna nyumba hapa za mawe zimefungwa kufuli miaka na miaka warithi hawasemezani, na ukipita kando yake paka tu ndio wanaoingia na kutoka.

Kwa hivyo Aurora anaanza vizuri kuliko Hannah, mimi nakubali. Hadithi zake zina ubongo zaidi, dalili zinapandwa mapema na ukiwa makini utaziona, na ana tabia ya kuingia nyumba za watu bila ruhusa ambayo ukiwa na roho nyepesi utashika tumbo. Lakini kutafsiri! Kile chama kikikutana watu sita wanasema kwa pamoja, kila mmoja na jina la muuaji wa zamani na mwaka wake, mimi nimebaki "huyu anasema, hapana yule anasema", bibi amelala. Akiamka anauliza nani amekufa. Ukimwambia, anauliza alikuwa na ndugu?

Halafu ujue kuna Aurora wawili. Candace Bure ameigiza mpaka 2022, kuanzia 2023 yuko Skyler Samuels anaigiza Aurora akiwa bado kijana. Ukiletewa flashi uangalie, manake sisi tuliwekewa zimechanganywa, tukatazama ya kijana katikati, bibi akasema huyu si yeye, wamemfanya nini, na hakuna maelezo niliyotoa yaliyomwingia. Hannah hana balaa hilo, ni Sweeney mwanzo mwisho, ila kuna pengo, muvi tano kati ya 2015 na 2017 kisha kimya mpaka 2021, kwa hivyo usishangae ukiona ghafla nywele zimebadilika.

Upande wa leso, wote salama. Mabusu ni mwishoni tu na unayaona yanakuja kwa mbali kama jahazi, shangazi anapata muda wa kutosha kujitayarisha.

Sasa stima. Hapa Hannah anamwacha Aurora mbali, na nitakupa mfano nilioushuhudia kwa macho yangu. Tulikuwa kwenye moja ya Hannah, imebaki kama dakika kumi, yuko na mtu ndani ya chumba na wewe unaanza kuona yule mtu anatabasamu vibaya, na bibi alikuwa na sinia la mchele mapajani anachagua chuya, vidole vinakwenda vyenyewe macho yako kwenye skrini. Stima, pap. Laptopu betri yake ilishakufa zamani inaishi kwa waya, nayo ikazima. Giza tupu. Nje punda mmoja akaanza kulia kama ndiye aliyeuawa. Nikasema basi tutamalizia kesho. Bibi akasema kwani kuna nini cha kusubiri, na akaimalizia yeye, gizani, nasikia mchele unachakarika kwenye sinia na sauti yake inaendelea. Akasema yule wa chumbani si muuaji, ametumwa, Hannah akampa biskuti akatubu, akasema nimetumwa na daktari, wakaenda usiku ule ule kwa Norman wakamkuta anapanga koleo zake, mama yake Hannah akasema nilikwambia uolewe mapema haya yasingekukuta. Watu wote kimya. Stima ikarudi saa sita kasoro tukatazama mwisho wenyewe, na shangazi akasema wa bibi ulikuwa bora.

Ungeweza kufanya hivyo na Aurora? Huwezi. Aurora ukipoteza dakika kumi umepoteza kile kipande ambacho anaeleza kwa nini risiti ya mwanzoni ilikuwa muhimu, na bila hicho umetazama watu wakiingia na kutoka milango.

Jessica Fletcher ndiye mzee wao wote, na hata jina la zile muvi za kwanza za Hannah, Murder, She Baked, limechezea jina lake. Siriz yake, Murder, She Wrote, ilikwenda 1984 mpaka 1996, misimu 12, vipande 264, na baada ya hapo zikatoka muvi nne za televisheni, ya mwisho 2003. Angela Lansbury, Mungu ametuondolea 2022, aliteuliwa tuzo ya Emmy mara 12 kwa kazi hii hii moja na hakupewa hata siku moja, jambo ambalo mamangu huliona ni kesi ya mauaji kivyake. Jessica ni mjane, alikuwa mwalimu, anaandika vitabu vya upelelezi, anakaa Cabot Cove, mji wa bandari huko Maine. Na hajui kuendesha gari! Anakwenda kwa baiskeli au kwa miguu. Kwa sisi wa Amu ambao gari halipiti Usita wa Mui, njia yetu kuu, hata ukilikunja, huyo ni mtu wetu, ungemtoa baiskeli ukampa punda asingeona tofauti. Kitu kinachotuchekesha ni idadi ya maiti, mji mdogo vile na kila wiki mazishi, lingekuwa ni huku tungeshahamia Malindi sote.

Faida yake, kipande kimoja hakifiki saa nzima, kwa hivyo kama betri ina asilimia 40 usifikirie mara mbili, Jessica. Ubaya, ni za zamani, nakala nyingi unazopata huku picha ina ukungu, na mapigo yanafanana, ukitazama vitatu mfululizo utajua muuaji kabla hajazaliwa. Kutafsiri ni wastani. Anaongea polepole kwa adabu, nami napenda kumfanya aseme "mwanangu" kila mahali.

Columbo, yule polisi wa siriz ya zamani ya Marekani, nitapita haraka. Yule anakuonesha muuaji mwanzoni kabisa kisha unatazama anavyomzunguka mpaka anaswe. Mimi naipenda sana. Bibi alisema kama mwizi ameshajulikana tumekaa hapa kutafuta nini, akaenda kulala.

Wale wa kisiwani ni Death in Paradise ya BBC, tangu 2011, mpaka leo inaendelea na mpelelezi mkuu ameshabadilishwa mara kadhaa. Kisiwa chenyewe, Saint Marie, ni cha kubuni, picha zimechukuliwa Guadeloupe kwenye kijiji cha Deshaies. Wa kwanza ni Mwingereza Richard Poole, kavaa suti na tai na amebeba mkoba juani, analalamika joto, analalamika mchanga, anataka chai kama ya kwao, ndani ya kibanda chake anaishi na mjusi. Tumekua tukiwaona watu kama hao wakishuka bandarini, kwa hivyo kwetu hiyo ilikuwa kama kumbukumbu. Mara ya kwanza ilipoonesha ufuo na boti bibi akasema hapo ni Shela, na sikumbishia.

Kwa macho, hii inashinda zote. Kwa akili pia, mafumbo yake ni magumu kweli, chumba kilichofungwa kwa ndani, nani alikuwa wapi dakika gani, na mwisho anawakusanya washukiwa wote anawaeleza mmoja mmoja. Na hapo ndipo inaponiua mimi mkalimani. Yale maelezo ya mwisho yanakwenda kwa kasi, ukikosa sentensi moja umekosa kesi, na huku bibi anauliza kwa nini yule kijana hajavaa shati. Shangazi leso yake haipumziki, si kwamba ni mbaya, ni ufuo tu, watu wamevaa kiufuo. Ushauri wangu hii itazame peke yako, spika za masikioni, juu darini upepo ukiwa mzuri. Na kila kipande kinaisha kivyake kwa hivyo hata ukiruka msimu hupotei.

Mma Ramotswe, mama mpelelezi wa Botswana, nimemwacha mwisho kwa sababu nina wivu naye. The No. 1 Ladies' Detective Agency, Botswana, na imepigwa picha Botswana kwenyewe, si Canada kujifanya kwingine. Ya kwanza ilitoka 2008 kama muvi, iliyoongozwa na Anthony Minghella ambaye alifariki siku chache kabla haijaoneshwa, nyingine zikafuata 2009, jumla saba, zikakatwa. Saba! Jill Scott ndiye Mma Ramotswe, na yule fundi magari anayempenda, Matekoni, ni Lucian Msamati, mtoto wa wazazi Watanzania, mamangu aliposikia jina la Msamati alikaa vizuri kitini. Kesi zake nyingi si maiti, ni mume anayepotea jioni, ni tapeli, ni mtu aliyejifanya baba wa mtu. Hizo ndizo kesi za mtaani kwetu haswa. Kutafsiri sikufanya kazi kabisa, salamu ndefu, chai, heshima kwa wakubwa, bibi alikuwa anajibu salamu za kwenye skrini. Tahadhari moja tu, ile ya kwanza ndani yake kuna kisa cha mtoto aliyepotea na mambo ya uganga, hiyo si nyepesi kama biskuti, kama kuna watoto ndani anza na ya pili.

Tulizimaliza kwa wiki moja na bibi akauliza za wiki ijayo ziko wapi. Nikabaki sina jibu. Na hapa niseme linaloniuma, sisi Kiswahili tulikuwa na Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, tangu 1960, Mzanzibari na kiko chake mdomoni, anakaa na mtu barazani anamsikiliza mpaka mtu anajifunga mwenyewe. Mji ule ule wa vichochoro, nyumba zile zile za mawe. Kamera ingewekwa popote ikaacha kazi ifanyike. Na mimi ningepumzika kutafsiri.

Basi kama nyumba yako ni kama yetu, wazee wako na stima ni ya bahati nasibu, chukua Hannah na uanze ile ya 2015. Kama mko wawili watatu mnaopenda kubishana nani kafanya, na Kizungu mnakisikia wote, Aurora wa Candace Bure ndio wenu, Hannah mtamwona mtoto. Una nusu betri, Jessica. Una usingizi wa mang'amung'amu na hutaki kusema na mtu, kisiwani. Mma Ramotswe mtunze, usimmalize kwa pupa kama sisi, saba tu hizo.

Sisi leo baada ya Isha tuna Hannah ambayo bado hatujaiona. Kijana anayetujazia muvi kwenye flashi ameniambia mle ndani Norman hana kosa lolote, ameapa. Nimempelekea bibi habari. Ameniuliza huyo kijana meno yake yote anayo?